Saa ya Kufunga Mlango na Saa ya Kunyamaza: Barua ya Wazi kwa Kamati za Mipango Miji na Leseni

Kwenu wenyeviti, wajumbe na maofisa wa kamati za mipango miji na leseni,

YAH: SAA ZA KAZI KWA BIASHARA ZILIZO NDANI YA MAKAZI

Waheshimiwa,

Nimehudhuria vikao vitatu vya kamati kama zenu, vyote vikiwa na ajenda moja: biashara iliyozungukwa na nyumba za watu inaomba kuongezewa saa. Vyote vitatu viligeuka mnada. Mwenye biashara anataja saa 8 usiku, wakazi wanataja saa 3, mwenyekiti anapekua makaratasi yake kisha anatamka saa 5, na kila upande unatoka ukinung'unika kwamba umedhulumiwa. Baada ya miezi michache malalamiko yanarudi mezani yakiwa na majina yaleyale na kelele zilezile.

Nawaandikia kwa heshima, lakini sitazunguka. Mnauliza swali dogo mno. Mnauliza mlango ufungwe saa ngapi, wakati mtu aliyelala nyuma ya ukuta hana ugomvi na mlango. Anachotaka kujua ni kwamba patanyamaza saa ngapi, na patabaki kimya mpaka saa ngapi. Kufunga na kunyamaza vinaachana kwa saa nzima, wakati mwingine mbili au tatu, na ugomvi wote unazaliwa ndani ya mwanya huo.

Kwa miaka minne nililala katika chumba chenye dirisha linalotazama ua wa nyuma wa biashara ya aina hiyo. Kibali chao kilisema mwisho saa 4 usiku, na lazima niwatendee haki: saa 4 ikifika, mteja wa mwisho alikuwa ameshatoka na taa za mbele zimezimwa. Hapo ndipo usiku wangu ulipoanza. Viti vilikokotwa sakafuni na kupandishwa juu ya meza. Kreti za chupa tupu zilitolewa nje na kumiminwa pipani, sauti ambayo asiyewahi kulala karibu nayo ni vigumu kumweleza. Geti la chuma lilishushwa kwa kishindo. Wafanyakazi waliokuwa wamesimama kutwa nzima, watu wenye kila haki ya kucheka kidogo kabla ya kuachana, walisubiri usafiri chini ya dirisha langu. Feni ya kutolea moshi jikoni iliendelea kunguruma hadi karibu saa 7. Na saa 11 alfajiri lori la mizigo liliingia uani kinyumenyume, likilia ile sauti yake ya kurudi nyuma mpaka liliposimama.

Nilipolalamika, ofisa alikuja, akakagua rekodi za kufunga, akakuta saa 4, akaandika kwamba hakuna sharti lililovunjwa. Alisema kweli tupu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilivyovitaja kilichokatazwa na kibali, kwa sababu waliokiandika walikuwa wamewafikiria wateja peke yao.

Sipigi vita biashara za usiku. Kabla ya kuhamia pale nilikuwa nafanya kazi ya zamu, natoka saa 7 usiku, na najua thamani ya mahali pamoja penye taa kwenye mtaa uliolala. Unapata kitu cha kutia tumboni, unaona sura mbili tatu za watu, na barabara yenye watu inatisha kidogo kuliko barabara tupu. Wauguzi, walinzi, madereva na wafanya usafi ni wakazi pia, ila katika vikao vile vitatu sikumwona hata mmoja wao, maana vikao huitwa asubuhi, wakati ambao wao ndio kwanza wamelala. Mwenye biashara naye ana kodi ya pango, ana mkopo, ana watu wanaomtegemea. Kuna biashara ambazo faida yake yote iko katika saa mbili za mwisho; ukizikata hizo umeifunga biashara, hata kama kibali bado kinaning'inia ukutani. Kwa hiyo siwaombi mfunge watu mapema. Nawaomba muandike vibali vizuri.

Upungufu huu una chimbuko la mbali. Jiji la New York lilipopitisha kanuni yake ya kanda za matumizi ya ardhi mwaka 1916, liligawa viwanja kwa matumizi, kwa urefu wa majengo na kwa kiasi cha kiwanja kinachoruhusiwa kujengwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1926, Mahakama ya Juu ya Marekani iliuhalalisha mfumo wa namna hiyo katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, dhidi ya kampuni ya Ambler Realty. Jaji George Sutherland aliandika humo kwamba kero yaweza kuwa tu kitu kizuri kilichowekwa mahali pasipo pake, kama nguruwe aliye sebuleni badala ya zizini. Jaji alifikiria mahali, na ramani zetu za mipango miji bado zinafikiri kama yeye: zinapaka viwanja rangi, hapa makazi, hapa biashara, hapa mchanganyiko. Lakini biashara nyingi zinazogombaniwa ziko mahali pake kabisa saa 6 mchana, kisha zinakuwa kero saa 6 usiku bila kusogea hata hatua moja. Rangi ya ramani haina namna ya kulisema hilo. Kazi hiyo imeachiwa masharti ya kibali, na masharti ndiyo nimeona yakiandikwa dakika za mwisho za kikao, watu wakiwa wameshachoka na wengine wameshafunga mafaili.

Kila kikao husimama mtu akasema: biashara hii ilikuwepo kabla yenu, mlihamia kwa hiari yenu. Hoja hiyo ni kongwe. Mwaka 1879 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman, ya huko London. Mtengeneza vitu vitamu alikuwa ametumia vinu jikoni kwake kwa zaidi ya miaka 20 bila kugombana na mtu. Jirani yake, daktari, akajenga chumba cha kuonea wagonjwa mwisho wa bustani yake, kikagusana na lile jiko, na vishindo vya vinu vikamzuia kusikiliza vifua vya wagonjwa. Daktari alishinda. Mahakama iliona kwamba ile miaka yote ya kutwanga haikumpa mwenye vinu haki ya kuendelea, kwa kuwa kabla ya chumba kile kujengwa hapakuwa na aliyeumizwa wa kwenda kushtaki. Kisheria naielewa hukumu hiyo. Kama jirani, bado naiona nzito, maana mwenye vinu hakuwa amebadili chochote.

Ndiyo sababu navutiwa zaidi na kanuni ambayo jimbo la Victoria, Australia, liliiingiza katika mipango yake ya ardhi mwaka 2014, na Uingereza nayo ikaiweka katika sera yake ya mipango mwaka 2018. Anayeleta mabadiliko ndiye anayebeba mzigo wa kuyafanya yavumilike. Huko Victoria, ukijenga nyumba za kuishi ndani ya mita 50 kutoka ukumbi wa muziki uliokuwepo tayari, wewe mjenzi ndiye unayegharimia kuta na madirisha ya kuzuia sauti. Na ukumbi mpya unapokuja kwenye nyumba za watu, mzigo unahamia kwa ukumbi. Kanuni hii inawapa kamati kitu cha kushika badala ya kubishana nani alitangulia. Mimi naisoma hivi kwa upande wa saa: anayeomba saa mbili zaidi analeta mabadiliko, hata kama yupo hapo tangu kabla sisi wengine hatujazaliwa. Na mkazi anayehamia leo karibu na biashara yenye kibali halali cha usiku, kisha kesho anataka ifungwe saa 2, yeye ndiye mleta mabadiliko. Hapa naweza kuwaudhi baadhi ya majirani zangu, lakini siwezi kudai haki inayoelekea upande mmoja.

Kuhusu vipimo, nawasihi muwe waangalifu na ripoti za kelele zinazoletwa na waombaji. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilisema kwamba ili mtu alale vyema, sauti ya mfululizo chumbani isizidi desibeli 30, na kishindo kimoja kimoja kisizidi 45. Mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya ukaweka desibeli 40 nje ya nyumba, wastani wa usiku kwa mwaka mzima. Neno la kukodolea macho hapo ni wastani. Chupa zinazomiminwa kwa nusu dakika, geti linaloshushwa mara moja, lori linalorudi nyuma kwa dakika mbili: ukivitandaza vyote juu ya saa nane za usiku vinayeyuka, na tarakimu inatoka nzuri. Aliyeamshwa mara tatu hakuamshwa na wastani. Kwa hiyo mkiletewa ripoti, ulizeni kishindo kikubwa kuliko vyote kilikuwa desibeli ngapi, kilitokea saa ngapi, na mara ngapi kwa usiku.

Tena desibeli hazihesabiwi kama sarafu. Ongezeko la desibeli 10 ni nishati ya sauti mara 10, na sikio hulipokea takriban kama sauti iliyokuwa kubwa maradufu. Ripoti ikiandika kwamba kelele zitapanda "kwa desibeli 10 tu", neno hilo "tu" halistahili kuwepo. Na kipimo kinachotumika sana, kile kinachoandikwa dB(A), hupunguza uzito wa miungurumo ya chini, ilhali miungurumo hiyo, ya feni, ya jenereta, ya besi za muziki, ndiyo inayopenya ukuta kwa urahisi kuliko maneno ya watu. Nimemsikia mtaalamu akiwaambia wajumbe kwamba kiwango kiko chini ya kikomo. Alikuwa sahihi kwa kifaa chake, na kitanda changu kilikuwa kinatetemeka.

Najua lipo jibu jepesi: saa moja kwa wote, yaishe. Limejaribiwa. Mwaka 1916 majimbo kadhaa ya Australia yaliamuru baa zifungwe saa 12 jioni. Kilichofuata ni watu kutoka kazini, kukimbilia kaunta, kunywa kwa pupa ndani ya muda mfupi uliobaki, kisha kumwagika barabarani wote kwa pamoja, jioni baada ya jioni. New South Wales ilikaa na amri hiyo hadi mwaka 1955, Victoria hadi 1966. Uingereza na Wales nako, baa kwa kawaida zilifungwa saa 5 usiku, na moja ya hoja za kuiandika upya sheria ya leseni mwaka 2003 ilikuwa huko kumwagika kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Sheria hiyo ilipoanza kutumika Novemba 2005, kila eneo likawa linaamuliwa kivyake, kwa kutazama malengo manne, na kuzuia kero kwa umma ni mojawapo. Kenya ilikwenda njia nyingine kwa sheria yake ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo watu waliizoea kwa jina la mbunge John Mututho: siku za kazi, baa ni kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Ni saa ileile kwa baa iliyo chini ya chumba anacholala mtoto na kwa baa iliyosimama peke yake kando ya barabara kuu. Sheria kama hiyo ina kazi yake dhidi ya ulevi, na sitaibeza. Kwa jirani wa ukutani, haitoshi.

Basi kibali kizuri kiweje? Kwanza kitenganishe shughuli. Saa ya mteja wa mwisho kuingia, saa ya mteja wa mwisho kutoka, saa ya watu kuondolewa uani au barazani na kubaki ndani, saa ya kuzima feni na mashine za nje, saa ambazo chupa na taka haziruhusiwi kutolewa, saa ambazo lori haliruhusiwi kushusha mizigo. Hizo ni saa sita, na kila moja inaweza kuwa tofauti. Mwenye biashara anaweza kuongezewa saa mbili za kuhudumia watu ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, na hapohapo akakubali kwamba chupa zitalala ndani hadi saa 2 asubuhi. Chupa zikilala ndani usiku mmoja haziozi. Nimeona ugomvi wa miaka ukiisha kwa sharti la namna hiyo, na aliyelipendekeza alikuwa mwenye biashara mwenyewe, baada ya mtu kumuuliza kwa upole ni kitu gani hasa anakihitaji. Alihitaji saa za kuuza. Saa za kumwaga chupa hazikumhusu kabisa. Alikuwa anazimwaga usiku kwa mazoea tu.

Masharti yenyewe yaandikwe kwa lugha inayoweza kukaguliwa. "Biashara iendeshwe bila kuwasumbua majirani" ni sentensi yenye nia njema ambayo haijawahi kumsaidia mtu, kwa sababu hakuna ofisa anayeweza kusema ilivunjwa lini. Kwa miaka mingi sera ya mipango ya Uingereza imetaka kila sharti liwe la lazima, mahsusi, linalotekelezeka na la busara, pamoja na kuhusiana na mipango na mradi wenyewe. Kipimo hicho kingetosha kufuta nusu ya masharti niliyoyasoma katika maisha yangu. "Hakuna taka wala chupa zitakazotolewa nje kati ya saa 4 usiku na saa 2 asubuhi" hata mtoto anaweza kulikagua.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kwamba nyaraka ni mbili. Leseni kwa kawaida humfuata mwenye biashara, lakini kibali cha matumizi, katika nchi nyingi, hufuata ardhi. Ukimpa ruhusa ya hadi saa 9 usiku mtu mwungwana anayewajua majirani wote kwa majina, akauza mwakani, saa hizo zinabaki kwa mnunuzi ambaye hamjawahi kumwona. Nimesikia wajumbe wakisema "huyu bwana tunamfahamu, hana shida". Hamumpi yeye. Kwa hiyo pale ambapo saa zinaongezwa kwa mara ya kwanza, toeni kwa muda, mwaka mmoja, kisha mtazame yaliyotokea. Na saa za leseni na za kibali zisomane. Zikitofautiana, iandikwe wazi kwamba ile ya mapema ndiyo inayofuatwa, maana hivi sasa kila mmoja hubeba karatasi inayomfaa.

Wenye biashara nao, wakiisoma barua hii, wasidhani kibali kilicholegea kinawasaidia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Coventry dhidi ya Lawrence iliyohusu uwanja wa mbio za magari na pikipiki, ilisema kwamba kuwa na kibali cha mipango peke yake si kinga dhidi ya madai ya kero. Jirani aliyechoka anaweza bado kwenda mahakamani, na huko gharama humuumiza kila mtu.

Wakati wa kusikiliza pia utazamwe upya. Tangazo lililobandikwa mlangoni kwa siku chache, kikao saa 4 asubuhi siku ya kazi: anayefika ni mstaafu, wakili wa mwombaji, na mtu aliyekasirika kiasi cha kuomba ruhusa kazini. Mpangaji hafiki kwa sababu barua ilitumwa kwa mwenye nyumba. Mfanyakazi wa zamu hafiki. Dada anayefagia biashara hiyohiyo saa 6 usiku, ambaye angeweza kuwaeleza kila kelele inatoka wapi, hajawahi kuitwa. Muwe na kikao kimoja jioni. Mpokee maelezo ya maandishi na ya simu, na myasome kabla ya kikao, si wakati wa kikao.

Na kabla ya kutamka saa yoyote, mjumbe mmoja aende eneo linalobishaniwa, usiku wa siku yenye shughuli nyingi kuliko zote katika wiki. Afike saa ya kufunga, asiondoke hadi lori la kwanza la alfajiri lishushe mizigo na kwenda zake. Aandike alichokisikia na saa alipokisikia. Jirani akikubali, akae ndani, chumba cha kulala, dirisha likiwa wazi kama linavyokuwa usiku wa joto. Kwa miaka ile minne kiti nilikuwa nacho, na mlango ningeufungua kwa furaha. Niliwaandikia mara mbili kuwakaribisha, na bado namngoja wa kwanza kuitikia.

Wenu kwa heshima,

Mkazi